Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu kwa watoto: maswali tunayoulizwa Bukavu

Nimekuwa muuguzi katika wodi ya watoto hapa Bukavu kwa miaka mingi, na karibu maswali yote yaliyo hapa chini nimeulizwa nikiwa nimesimama: koridoni, kando ya kitanda, mlangoni pa labo. Mengi ni ya wazazi. Machache ni ya wenzangu wa vituo vya afya vya Kadutu, Bagira na barabara ya Kavumu, ambao ndio wanaomwona mtoto kabla yetu. Vipimo vya dawa nimeviandika kwa ajili ya hao wenzangu. Mzazi asimpe mtoto dawa hizi nyumbani kwa kuvisoma hapa.

Munganga, unasema kuvu imeingia kichwani. Kuvu gani hiyo?

Ubongo umefunikwa na utando mwembamba, na ndani ya utando huo kuna maji yanayozunguka mpaka chini mgongoni. Bakteria wakiingia humo, tunapata ile homa ya uti wa mgongo ambayo kila mtu ameisikia. Kifua kikuu nacho huingia. Na kuna kuvu, ya jamii moja na hamira ya mikate, inayoitwa kriptokoki. Inaishi kwenye udongo, kwenye miti iliyooza na kwenye mavi ya ndege, hasa njiwa. Mtoto huivuta kwa pumzi, wala hajui.

Karibu sote tumeshaivuta. Utafiti wa Bronx, New York, uliochapishwa 2001, ulikuta kwamba watoto wengi waliopita miaka 2 walikuwa na alama damuni kwamba wameshakutana nayo, na hawakuwa wagonjwa. Kinga ya mwili huifungia mapafuni. Kinga ikianguka, kuvu inatoka, inapanda na damu hadi kichwani.

Ataambukiza wadogo zake?

Hapana. Haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Waache walale naye, wale naye.

Basi tuchinje njiwa wote?

Wala si lazima. Mtoto ambaye kinga yake iko chini asitumwe kufagia banda la njiwa, hilo linatosha. Kuvu hii iko kwenye udongo wa kila mahali, huwezi kuihama.

Watu wanasema ni karuho. Kwa nini tumlete hospitali?

Swali hili nalijibu kwa utulivu kila mara, kwa sababu najua linatoka wapi. Mtu akikonda, akaumwa kichwa wiki mbili, akatapika bila kuharisha, mtaani kwetu neno la kwanza ni karuho, sumu aliyopewa na jirani au na mke mwenza. Familia inakusanya pesa, mtoto anapelekwa kwa anayetapisha, kisha chumba cha maombi, kisha kwa mwingine anayetapisha kwa majani makali zaidi. Akifika kwetu ni siku ya ishirini na kitu.

Sikuja kuamua nani anamchukia nani. Ninachojua ni kwamba sumu haioti kwenye sahani ya labo. Kuvu hii inaota, na tunaweza kukuonyesha kwenye hadubini kwa macho yako mwenyewe. Tena zile dawa za kutapisha zinamkausha mtoto maji na kuchosha figo, wakati dawa kuu tutakayompa nayo hugusa figo hizo hizo. Tunaanza matibabu tukiwa tumeshapoteza nusu ya nguvu zetu.

Maombi siyakatazi. Mchungaji aje kuombea kitandani, serumu ikiwa inaendelea kudondoka.

Ni watoto gani wanaoupata?

Wengi ni watoto wenye virusi vya SIDA, VIH kama tunavyoandika kwenye fishi, ambao hawajaanza dawa au wameziacha. Wengine ni wenye saratani ya damu, au wanaotumia dawa za jamii ya kotizoni kwa muda mrefu. Mara chache sana anapatikana mtoto ambaye kinga yake haina kasoro yoyote tunayoweza kuiona.

Kwa watu wazima ugonjwa huu ni balaa kubwa: makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya 152,000 duniani kwa mwaka na vifo 112,000, karibu moja ya tano ya vifo vyote vya SIDA. Kwa watoto ni adimu. Afrika Kusini, katika ufuatiliaji wa 2005 hadi 2007, watoto chini ya miaka 15 walikuwa kama 2 kati ya kila wagonjwa 100. Huo uadimu ndio unaowaua, maana hakuna anayewafikiria.

Mtoto njiti aliyekaa wiki nyingi hospitalini na mipira kwenye mishipa anaweza kupata homa ya uti wa mgongo ya kuvu nyingine, kandida. Hiyo ina njia yake, na hapa siizungumzii.

Nitaijuaje nyumbani?

Kichwa. Kichwa kinachouma wiki nzima, kinachozidi badala ya kupungua, kinachomwamsha mtoto alfajiri. Anatapika asubuhi kabla hajala chochote. Anafunika macho na kitenge kwa sababu mwanga unamchoma. Anaona vitu viwiliviwili, au jicho moja linageukia ndani. Anakuwa mzito, unamwita mara tatu ndipo anageuka. Wengine wanapata degedege. Mtoto mchanga hawezi kusema kichwa kinamuuma: angalia utosi kama umevimba, na kama analia ukimbeba badala ya kutulia.

Mambo mawili yanawadanganya watu. Homa inaweza kuwa ndogo au isiwepo kabisa. Na shingo mara nyingi haikakamai, tofauti na ile ya bakteria. Nimesikia mwenzangu akisema «shingo laini, si meninjiti», na mtoto akarudishwa nyumbani. Kwa kuvu, shingo laini haithibitishi lolote.

Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya. Kipimo cha malaria kimetoka chanya. Si nimeshapata ugonjwa?

Umepata ugonjwa mmoja. Ndugu yangu, mtoto wa kwetu anaweza kuwa na vimelea vya malaria damuni huku kinachomuua ni kitu kingine.

Kuna binti wa miaka tisa aliyeletwa kwetu kutoka mlimani upande wa Kadutu. Mama yake alinipa daftari la matibabu lililokunjwa mara nne. Malaria, ukurasa wa kwanza. Malaria, siku nane baadaye. Ukurasa wa tatu: malaria na tifoidi. Kurasa tatu zote ziliandika «maumivu ya kichwa», kwa mwandiko wa watu watatu tofauti, na hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba amepima VIH. Siwasemi vibaya wenzangu hao; kituoni kwao asubuhi kuna foleni mpaka barabarani. Lakini jibu lilikuwa ndani ya daftari lile tangu ukurasa wa pili.

Kanuni ninayoifuata ni hii: mtoto aliyetibiwa malaria vizuri, kichwa kikaendelea, hapewi dawa ya malaria mara nyingine kabla hajapimwa VIH. Akiwa nayo, anatumwa hospitali siku hiyo hiyo. Kumbuka kwamba chini ya miezi 18 kipimo cha haraka cha kidoleni kinaweza kuonyesha kinga za mama tu. Huyo anahitaji PCR, kipimo cha labo kinachotafuta virusi vyenyewe. Na akiwa na degedege, au bakteria haiwezi kuondolewa kwenye mawazo, mpe dozi ya kwanza ya seftriaksoni, sindano ya kuua bakteria, kabla gari halijaondoka.

Kwa nini mnataka kumtoboa mgongo? Mtoto wa jirani alitobolewa akafa.

Mama, alikufa kwa ugonjwa uliofanya atobolewe. Najua linavyoonekana ukiwa nje ya pazia: mtoto anaingia hoi, sindano ndefu inaingia, kesho yake amekufa. Lakini tunaowatoboa ndio wale walio wagonjwa zaidi, na wengi wamefika kwa kuchelewa.

Hofu ya kupooza nayo naielewa. Uti wa mgongo wenyewe, ile kamba ya mishipa ya fahamu, unaishia juu kidogo ya kiuno. Sisi tunaingia chini zaidi, usawa wa mifupa ya nyonga, mahali ambapo kuna maji na nyuzi zinazoelea. Sindano ikifika, nyuzi zinasogea pembeni.

Kuna nyakati tunaahirisha: mboni za macho zikitofautiana ukubwa, upande mmoja wa mwili ukilegea, degedege zikifuatana, au kukiwa na jipu pale pa kutobolea. Hapo tunapima damu ya kidole, na ikionyesha kuvu tunaanza dawa bila maji ya mgongo.

Maji yakitoka safi kabisa, si maana yake ni mzima?

Hapana, na hapa hata madaktari wananaswa. Kwa bakteria maji huwa kama ya mchele. Kwa kuvu yanaweza kuwa safi kama ya chemchemi, chembe chache, sukari ya kawaida. Kinga ya mtoto ni dhaifu kiasi kwamba haipeleki askari, ndiyo maana maji hayachafuki.

Kwa hiyo tunapima vitu viwili. Cha zamani ni wino wa China: tone la maji, tone la wino, chini ya hadubini. Wino unajaza uwanja wote weusi, na kila kuvu inang'aa katikati ya duara jeupe, kama mwezi wenye uzio. Ni rahisi na hauhitaji mashine, ila wagonjwa wenye kuvu chache unawakosa. Cha pili ni kipande cha karatasi kinachotafuta antijeni ya kriptokoki, CrAg kwa kifupi chake. Unakichovya, unasubiri dakika 10. Mstari mmoja, hakuna. Mistari miwili, ipo. Kinafanya kazi kwa damu na kwa maji ya mgongo, hakihitaji umeme, na ni nadra sana kukosea. Ningeulizwa kitu kimoja cha kuweka katika kila kituo chenye wagonjwa wa VIH katika Kivu nzima, ningesema hicho.

Kifua kikuu cha ubongo kinafanana na ugonjwa huu mno: wiki za maumivu, maji safi. Uliza nyumbani nani anakohoa. Na usisahau kwamba mtoto mmoja anaweza kuwa navyo vyote viwili.

Kwa nini mnamtoboa tena kesho, wakati jibu mmeshalipata?

Kwa sababu sindano hii pia ni dawa.

Kuvu na ute wake huziba njia ambazo maji hayo hutokea. Maji yanajaa, fuvu halitanuki, ubongo na mishipa ya macho vinabanwa. Huko ndiko upofu unakotokea. Kwa hiyo kabla ya kuacha tone lidondoke tunapima presha ya maji hayo. Manometa, chombo chenyewe cha kupimia, hatuna kila siku. Tunaunga mrija safi wa serumu kwenye sindano, tunausimamisha kwenye mlingoti, na kando yake tumebandika utepe wa fundi cherehani, sifuri ikiwa usawa wa sindano. Mtoto analala ubavu, miguu inyooke, aache kulia, ndipo unasoma.

Kwa yule binti wa miaka tisa maji yalipanda taratibu, yakapita 20, yakapita 30, yakasimama kwenye 41. Miongozo inatutaka tuchukue hatua yakipita sentimita 25: tuyatoe mpaka yashuke chini ya 20, au angalau presha ipungue nusu. Tuliyatoa kidogokidogo, tukapima tena, yakasoma 20. Kabla hatujabandika plasta alikuwa ameondoa mkono machoni, akamwomba mama yake chai. Tulimrudia siku nne mfululizo. Mama yake, ambaye siku ya kwanza alikuwa amekataa kabisa, siku ya tatu ndiye aliyemkunja mtoto na kumshikilia.

Hakuna kidonge kinachofanya kazi hiyo. Deksamethazoni, manitoli na asetazolamidi havipendekezwi kushusha presha ya ugonjwa huu. Jaribio la deksamethazoni lililochapishwa 2016 lilisimamishwa kwa sababu wagonjwa waliopewa walikuwa wanaumia zaidi.

Anatibiwa kwa dawa gani?

Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani, OMS, linapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini B ya liposomu (dawa ya kuvu iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta), miligramu 10 kwa kila kilo, mara moja tu, pamoja na dawa nyingine mbili za kuvu, flusitosini na flukonazoli, kwa wiki mbili. Pendekezo lilitokana na jaribio lililofanyika Botswana, Malawi, Uganda, Zimbabwe na Afrika Kusini. Washiriki walikuwa watu wazima, kisha OMS ikaweka na dozi za watoto.

Chukua mtoto wa kilo 15. Amfoterisini ya liposomu ni miligramu 150, yaani chupa tatu za 50. Flusitosini ni miligramu 100 kwa kilo kwa siku, jumla 1,500, ikigawanywa mara nne: 375 kila baada ya saa 6. Kidonge ni cha 500, kwa hiyo ni robo tatu ya kidonge, saa sita ya usiku na saa kumi na mbili ya asubuhi vilevile. Tunakata kwa wembe, tunasaga, tunachanganya na uji kidogo, na tunamwachia mama saa yenye kengele. Flukonazoli ni 12 kwa kilo, yaani 180 kwa siku, na kwa mtoto yeyote haizidi 800.

Baada ya wiki mbili inabaki flukonazoli peke yake, 6 hadi 12 kwa kilo kwa wiki 8, kisha 6 kwa kilo kila siku kwa muda mrefu.

Na kama hiyo ya liposomu haipo?

Ipo njia ya pili: amfoterisini ya kawaida, miligramu 1 kwa kilo kila siku kwa siku 7, pamoja na flusitosini, halafu flukonazoli siku 7. Hii inafanya kazi, lakini inahitaji macho. Mtoto anatetemeka na kupata homa wakati inaingia. Potasiamu inashuka, figo zinachoka, damu inapungua. Kabla ya kila dozi tunampa serumu ya chumvi yenye potasiamu ndani. Dawa yenyewe inachanganywa na serumu ya sukari asilimia 5 PEKEE. Ukiichanganya na ya chumvi inaganda, na umeitupa. Damu ipimwe kreatinini na potasiamu mara mbili kwa wiki au zaidi.

Pia ile ya kawaida inataka friji, nyuzi 2 hadi 8. Ya liposomu inavumilia mpaka nyuzi 25, na kwa mji wetu ulio juu mlimani hiyo ni baraka umeme ukikatika.

Njia ya tatu, pale ambapo amfoterisini haipo kabisa, ni flukonazoli na flusitosini kwa vidonge, wiki mbili. Flukonazoli peke yake ni ya mwisho kabisa. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025 tuliona jinsi njia za dawa zinavyokatika kwa siku moja. Ndiyo maana ninaomba wakuu wa famasi waagize flusitosini kabla mgonjwa hajafika. Ukiagiza akiwa kitandani, umechelewa.

Ana VIH. Kwa nini dawa za VIH hamuanzi leo?

Tunasubiri wiki 4 hadi 6. Ukiamsha kinga wakati kichwa bado kimejaa kuvu, kinga inaivamia kwa hasira, ubongo unavimba, na mtoto anaweza kufa kwa dawa iliyokuja kumponya. Tarehe ya kuanza iandikwe kwenye fishi kwa kalamu nyekundu, maana kuisahau ni hatari nyingine. Dawa hizo ni za bure.

Hata baada ya kusubiri, wiki chache baadaye kichwa kinaweza kurudi kuuma. Mrudishe. Usimkatize dawa mwenyewe.

Kipimo bado kina mistari miwili miezi sita baadaye. Hajapona?

Masalia ya kuvu iliyokufa hubaki damuni miezi mingi. Kipimo hicho ni cha kugundua ugonjwa, si cha kuhesabia kupona. Tazama mtoto.

Flukonazoli ataimeza mpaka lini?

Mwaka mmoja kwa uchache. Chini ya miaka 2 hatuisimamishi. Kati ya miaka 2 na 5 tunaisimamisha akiwa anameza dawa zote vizuri, na CD4 (chembe za kinga damuni) imepita asilimia 25 au hesabu ya 750. Kwa wakubwa zaidi tunatazama CD4 na wingi wa virusi. Kama anatumia rifampisini ya kifua kikuu mwambie daktari, kwa sababu inapunguza nguvu ya flukonazoli na dozi hupandishwa.

Tungeweza kuuzuia?

Mama mjamzito apimwe na ameze dawa zake, mtoto apimwe mapema, aanze mapema: hapo kuvu haipati mlango. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 5 mwenye VIH anayekuja mara ya kwanza tumchukulie kama ambaye ugonjwa wake umeshakomaa, hata akiwa anacheza. Na vijana kuanzia miaka 10 ambao CD4 iko chini ya 200 wapimwe CrAg damuni kabla kichwa hakijaanza kuuma. Hao vijana ndio wananiumiza roho. Walizaliwa na VIH, wakakua, hakuna aliyewaambia kwa nini wanameza vidonge, wakafika miaka 13 wakavitupa.

Atarudi shule?

Wengi wanarudi. Wengine wanabaki na macho hafifu, au masikio, au wanasahau walichosoma jana. Mpeleke apimwe kuona na kusikia kabla ya muhula kuanza, na uzungumze na mwalimu ana kwa ana. Binti yule wa miaka tisa hasikii vizuri sikio la kushoto. Mwalimu wake amemhamishia benchi la mbele, upande wa dirisha, ili sikio la kulia lielekee ubaoni.